Flashi imejaa masomo ya hesabu, watoto bado wanajumlisha asili na asili

SWALI

Shikamoo Mwalimu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi, na mwaka huu nimeongezewa darasa moja la mwanzo wa sekondari. Shule yetu imepata projekta moja na intaneti ambayo siku ikiamka vizuri inafanya kazi. Mkuu wa shule akatutangazia kikaoni kwamba kuanzia sasa anataka kuona walimu wakitumia vifaa vya mtandaoni darasani. Hakusema vifaa gani, wala vinapatikana wapi.

Tangu siku hiyo nakesha. Nikiandika "sehemu" au "milinganyo" naletewa matangazo, video za kuimba, kurasa zinazotaka nijisajili na kuweka namba ya kadi ya benki kabla sijaonyeshwa hata swali moja, na karatasi za mazoezi zisizo na majibu. Nyingine majibu yanayo, ila si sahihi. Nimepakua kila kilichokubali kupakuliwa. Flashi yangu sasa ina mafolda ndani ya mafolda, na nikitaka kitu naona heri nikakitafute upya mtandaoni kuliko kukichimbua humo.

Juzi nikawaonyesha watoto video ya kujumlisha sehemu. Ina rangi, ina muziki, ina katuni mwenye sauti ya kuchekesha. Walifurahi mno, wakaomba irudiwe, nikairudia. Kesho yake nikawapa swali ubaoni: 1/2 + 1/3. Zaidi ya nusu ya darasa wakaandika 2/5. Ni walewale waliokuwa wakiimba na katuni.

Mwalimu mwenzangu ananiambia najisumbua bure, niiagize akili unde initungie kila kitu. Nilijaribu. Ilinitungia maswali kumi kufumba na kufumbua, yamepangwa vizuri, lakini jibu moja halikuwa sahihi, na maelezo yake yameandikwa kwa uhakika kama mengine tu. Sasa hata yale tisa nayaogopa.

Naomba unisaidie mwalimu wangu. Tovuti zipi ni za kuaminika? Nitatambuaje kitu kizuri bila kukaa nikitazame chote? Wanafunzi hawana kompyuta, na vitu vingi ninavyovipata viko kwa Kiingereza. Halafu, naruhusiwa kuvichapa na kuwagawia watoto, au siku moja nitaletewa barua ya mwanasheria?

Ni mimi,
Mwalimu wa Flashi Iliyojaa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mikesha.

Nianze na ile 2/5, maana katika barua yako yote hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa zaidi, nawe umekitaja kama malalamiko. Ulikuwa unatafuta ukiwa na jina la mada tu. "Sehemu" ina mambo mengi ndani yake: kulinganisha, kurahisisha, sehemu guni, kugawanya, kubadili kuwa desimali. Mtandao ukiulizwa kwa jumla hujibu kwa jumla, na wa kwanza kujibu ni mwenye tangazo. Sasa lakini una habari kamili. Wanafunzi wako wanajumlisha kiasi na kiasi, yaani namba za juu, kisha asili na asili, yaani namba za chini. Maana yake hawaioni 1/2 kuwa ni namba moja yenye mahali pake kwenye mstari wa namba. Wanaona namba mbili, moja imekaa juu na nyingine chini, katikati pana kistari. Katuni hawezi kuliondoa hilo kwa kuimba, kwa sababu wimbo unafundisha hatua za kufuata, na mtoto ana hatua zake tayari, rahisi kuliko zako.

Kwa hiyo tafuta kwa kosa, mada iwe ya pili. Kosa likishajulikana, utashangaa kwamba kitu cha kwanza unachohitaji hakipo mtandaoni. Rudi darasani, usiwaambie wamekosea. Waulize: ukijumlisha 1/2 na 1/3, jibu litakuwa kubwa kuliko nusu au dogo kuliko nusu? Watasema kubwa, hata yule wa nyuma kabisa. Waulize tena: na 2/5, imefika nusu? Nusu ya 5 ni 2.5, kwa hiyo 2/5 haijafika. Walikuwa na nusu, wakaongezewa kitu, wakabaki na pungufu ya nusu. Nyamaza. Waache wabishane, wala usiwe na haraka ya kuwaokoa. Dakika hizo ndizo somo lenyewe.

Hapo ndipo picha inapokuwa na kazi ya kufanya. Unataka umbo lililogawanywa mara mbili ambalo linaweza kugawanywa upya mbele ya macho yao mpaka vipande vilingane: nusu iwe vipande 3 vya sita, theluthi iwe vipande 2 vya sita, jumla 5/6. Na swali la kuwauliza ni kwa nini tumekata sita na si tano. Sasa ukienda kutafuta unajua unatafuta nini, na kila kisichofanya kazi hiyo unakipita bila huruma, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa kazi hiyo mimi ningefungua PhET. Ni mradi wa majaribio ya kuchezea kwenye kompyuta, wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Ulianza na fizikia, ukaja kuingia kwenye hesabu. Hawataki kadi ya benki, na kutazama hakuhitaji kujisajili. Kuna jaribio la utangulizi wa sehemu ambalo mwanafunzi anachagua umbo, duara au mstatili au mstari wa namba, anabonyeza mshale kubadili asili, na umbo linagawanyika upya papo hapo. Lipo la sehemu zilizo sawa, yapo ya eneo, ya uwiano, ya grafu za mistari. Mengi yametafsiriwa kwa lugha kadha wa kadha na Kiswahili kimo, kwa hiyo ukifika hapo tafuta orodha ya tafsiri kwanza. Na jambo litakalokufurahisha: jaribio unaweza kulipakua likawa faili moja, ukalifungua kwa kivinjari siku ambayo intaneti haikuamka.

Lakini usilionyeshe kama ulivyoonyesha video. Projekta ni moja, sawa, basi mwanafunzi mmoja ashike kipanya, wewe simama nyuma ya darasa. Kabla hajabonyeza chochote, kila mtu aandike daftarini anachotabiri. Nitaibadilisha asili kutoka 2 kuwa 6, je vipande vitakuwa vikubwa au vidogo? Vingapi vitajaza nusu? Wakishaandika, ndipo abonyeze. Mtoto aliyeandika utabiri anatazama kwa macho mengine kabisa, maana ana jambo lake pale kwenye ukuta. Asiyeandika anaangalia sinema.

Hili la kutabiri kwanza lichukue popote uendapo. Kwenye grafu utakutana na Desmos, kikokotoo cha grafu cha bure kilichoanza mwaka 2011. Andika y = mx + c, nacho kitakuuliza kama unataka vitelezi vya m na c, yaani vile vipau vya kuvuta kushoto na kulia. Walimu wengi wakishaviona wanavivuta huku na huku, darasa linasema "aaa!", basi, somo limekwisha. Badala yake weka m = 2 na c = 1, kisha uliza: nikiifanya m iwe hasi 2 bila kugusa c, mstari utapita wapi kwenye mhimili wa y? Wengi watadhani mstari mzima unahama. Ukivuta, wataona unainama upande wa pili lakini bado unapita kwenye 1. Sasa wana kitu cha kueleza, na maneno "mteremko" na "mkato" yanapata mwenyewe.

Jometri iachie GeoGebra. Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na leo ina jometri, aljebra, takwimu, mpaka maumbo ya pande tatu. Ina pia hifadhi kubwa sana ya kazi zilizopandishwa na walimu wa kila mahali, na hapo ndipo uwe mwangalifu: yeyote anaweza kupandisha, kwa hiyo dhahabu na takataka zimelala kitanda kimoja. Ushauri wangu ni kutengeneza chako mwenyewe, hakichukui muda. Chora duara. Weka kipenyo AB. Weka nukta C juu ya duara, uunganishe na A na B, kisha iambie programu ionyeshe ukubwa wa pembe ACB. Buruta C. Itabaki nyuzi 90. Waambie wanafunzi watafute mahali ambapo C itaharibu hiyo 90 bila kutoka kwenye duara, watahangaika, hawatapata. Baada ya hapo uliza kwa nini, na usikubali jibu la "kwa sababu kompyuta imesema". Kuburuta nukta mara elfu si uthibitisho. Uthibitisho ni pale watakapounganisha C na kitovu cha duara, wakapata pembetatu mbili zenye pande mbili sawa, wakahesabu pembe kwa kalamu. GeoGebra na Desmos zote zina programu za simu zinazofanya kazi bila intaneti ukishaziweka.

Hizo tatu zinahitaji kioo. Kuna moja isiyohitaji, nayo naipenda kuliko zote: NRICH, ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliyoanza mwaka 1996. Pale hupati mazoezi arobaini yanayofanana. Unapata swali moja ambalo kila mtoto ana pa kuanzia na mwenye kasi hakosi pa kwenda. Maswali yamepangwa kwa umri, mengi yana maelezo ya mwalimu: uanze vipi, uulize nini wakikwama, uwaongezee nini wakimaliza. Wanachapisha hata suluhisho zilizotumwa na wanafunzi wenyewe, na hizo ni za kusoma kwa makini maana zinakuonyesha njia ambazo mtu mzima hazimjii. Ndiyo, ni Kiingereza. Lakini wewe soma, elewa, kisha andika ubaoni mistari miwili kwa lugha ya darasa lako. Swali zuri la hesabu maneno yake ni machache. Ukiona la kurasa mbili, huenda si la hesabu.

Khan Academy, tovuti ya video za masomo na mazoezi, lazima umekutana nayo, kwa sababu haikosekani kwenye matokeo ya utafutaji. Iliundwa mwaka 2008 na Salman Khan, baada ya kuwa anamfundisha binamu yake hesabu kwa mbali. Mimi naithamini kwa mambo mawili: mwalimu anayetaka kujikumbusha mada kabla ya kuingia darasani, na mtoto aliyekosa masomo anayehitaji kufuata hatua kwa mwendo wake, arudie, afanye mazoezi yanayompa vidokezo. Kuiwasha ukutani kwa darasa zima sioni faida yake. Mtu mmoja anaongea, wengine wote wamekaa. Wewe ulitosha kwa hilo.

Tatizo la intaneti kukatika lina dawa yake, ingawa hutaiweza peke yako. Kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwenye kompyuta moja, masomo yanapakuliwa mara moja tu, yakiwemo ya Khan Academy na majaribio ya PhET, kisha vifaa vingine vinaungana na kompyuta hiyo ndani ya shule bila intaneti hata chembe. Ina Kiswahili kwenye menyu zake. Ukimpata mtu wa kompyuta mwenye subira, hilo ndilo la kumwomba mkuu wa shule, kabla hajanunua projekta ya pili.

Sasa namna ya kutambua kizuri haraka. Nina desturi ya kutokutazama video tangu mwanzo. Naruka hadi mahali pagumu kuliko pote katika mada, nisikilize mtu anasema nini hapo. Kama ni kugawanya sehemu, naenda pale anapogeuza sehemu ya pili na kuzidisha. Akisema "tunageuza, tunazidisha" na kuendelea na safari, naifunga. Akianza na 3 ÷ 1/2, akauliza nusu ngapi zimo ndani ya 3, akapata 6, kisha akaonyesha kwamba 6 hiyo ndiyo 3 × 2, huyo nampa muda wangu. Kila mada ina mahali pake pa namna hiyo. Kwenye namba hasi ni pale hasi mara hasi inapokuwa chanya. Kwenye eneo la duara ni pale π inapoingia.

Sikiliza pia ule uongo mdogo unaosaidia leo na kuua kesho. "Kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri": mpe mwanafunzi huyo 2.5 × 10, atakuandikia 2.50, naye ametii sheria uliyompa. "Ukizidisha, namba inaongezeka": inavunjika anapokutana na 1/2. "Namba kubwa haitolewi kwenye ndogo": muda si mrefu unamletea 3 − 7. Chombo kinachosema maneno hayo usikiingize darasani hata kama kimepambwa.

Michezo nayo ichunguze kwa swali moja: nikiondoa hesabu, mchezo unabaki? Kama mtoto anapiga vyombo vya angani na kila baada ya muda anasimamishwa ajibu 7 × 8 ndipo aendelee kupiga, hesabu hapo imekuwa tiketi ya mlangoni, na mtu haendi uwanjani kutazama tiketi. (Na yale mafumbo yanayozunguka mitandaoni, kama lile la 8 ÷ 2(2 + 2) lililogombanisha watu mwaka 2019, yaache yalivyo. Ugomvi wake unatokana na uandishi mbovu. Mtu wa hesabu angeweka mabano ya pili, kila mtu akaenda kulala.)

Vyovyote vile, kabla kitu hakijafika kwa watoto, kaa na kalamu ukifanye chote mwenyewe, kama mwanafunzi. Hakuna njia ya mkato hapo. Ukitaka kuhakiki majibu mengi upesi, WolframAlpha, iliyofunguliwa mwaka 2009, inakokotoa kwelikweli: unaiandikia mlinganyo inakupa suluhisho.

Hapo ndipo inapotofautiana na akili unde inayokutungia sentensi. Ile ya maandishi imejengwa kwa kukisia neno linalofaa kufuata lililotangulia, kwa hiyo jibu sahihi na jibu bovu hutoka na sura ileile na sauti ileile. Nyingine siku hizi zimeunganishwa na vikokotoo na zinakosea kidogo zaidi, lakini wewe huna namna ya kujua kwa kuangalia tu. Itumie mahali ambapo kukosea kwake hakudhuru: ikubadilishie maneno ya swali lililo refu, ikupe mawazo ya makosa ambayo mwanafunzi anaweza kufanya kwenye mada fulani, ikupangie swali moja kwa namna tatu. Hesabu zake zifanye upya mwenyewe. Na yale maswali kumi usiyafute. Yapeleke darasani na majibu yake yote, uwaambie: hapa moja si sahihi, litafuteni, mnithibitishie. Watayahakiki yote kumi kwa hamu ambayo hakuna zoezi la kawaida lingeipata.

Kuhusu kuchapa na kugawa, kitu kuwa bure mtandaoni hakumaanishi una ruhusa ya kukinakili. Chini ya ukurasa tafuta leseni. Inayojulikana zaidi ni Creative Commons, iliyotoa leseni zake za kwanza mwaka 2002, nayo utaitambua kwa herufi. BY ni kwamba umtaje aliyetengeneza. NC ni kwamba usikifanyie biashara. SA ni kwamba ukikibadilisha, toleo lako nalo ulitoe kwa masharti hayohayo. ND ni kwamba usigawe toleo ulilolibadilisha, na hiyo ndiyo itakayokubana, kwa sababu ukitafsiri umebadilisha. Ukitafuta kwa herufi OER, ambazo UNESCO na wengine wanazitumia kwa vifaa huria vya elimu, utapata vingi ambavyo vina ruhusa hizi tayari. Kisichokuwa na leseni yoyote, chukulia kina mwenyewe: mwandikie umwombe, au waonyeshe wanafunzi kwenye tovuti yenyewe. Sheria za matumizi ya darasani hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ulizia za kwenu. Ila wazo la hesabu halina mmiliki. Kilicholindwa ni maneno na michoro ya mtu. Ukilipenda swali, lielewe, funga kompyuta, tunga la kwako lenye namba zako.

Ukiwa bado unatafuta, ongeza filetype:pdf mwishoni mwa maneno yako, utapata faili za kuchapwa badala ya kurasa za matangazo. Weka alama za kufunga na kufungua semi kwenye maneno unayotaka yaje yakiwa pamoja. Na andika kosa lenyewe: si "sehemu", ila "kwa nini wanafunzi wanajumlisha asili". Kwa Kiingereza utapata mengi zaidi, kwa sababu walimu wameandika sana kuhusu makosa hayo kwa lugha hiyo, na wewe unaweza kusoma.

Flashi yako usiipange. Iweke kando kama ilivyo. Fungua daftari la kawaida, kila ukurasa uwe wa kosa moja, andika kosa kama mtoto alivyoliandika, kifaa kimoja ulichokitumia, swali ulilouliza kabla ya kukionyesha, na kilichotokea. Kisichopata ukurasa mpaka mwaka uishe, hukukihitaji. Mkuu wako akitaka kuona matumizi ya vifaa vya mtandaoni, mpelekee ukurasa wa 1/2 + 1/3 pamoja na madaftari ya watoto, ya kabla na ya baada. Mwalimu anayepigia hesabu mambo yake atakuelewa. Asiyeelewa, muwashie projekta akae atazame.

Ukishamaliza sehemu, niandikie kosa linalofuata, kwa maandishi ya mtoto mwenyewe, usilisahihishe. Kwa darasa lako la sekondari nina hisia litatoka kwenye namba hasi, mahali fulani karibu na 3 − (−5).

Mwalimu Mshauri